Siku Kaka Alipomnyamazisha Mkwe

Kaka yangu alimnyamazisha mkwe wake. Nikisema hivyo mbele ya watu wa kwetu, swali la kwanza huwa: alikuwa amelewa? Hapana, kaka hakuwahi kuonja pombe, mama yetu alikuwa Msabato asiye na mchezo. Swali la pili huwa: basi alikuwa na wazimu? Hapo huwa nakuna kichwa kwanza. Kaka alikuwa na mapenzi mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa la msichana wa upande wa Rodi Kopany, rafiki yangu wa shule. La pili lilikuwa la sanduku la kupigia muziki. Siku hiyo mapenzi hayo yaligongana sebuleni kwetu mchana kweupe, na mimi nilikuwapo, nimeshika birika la kuwanawisha wageni mikono.

Ilikuwa miaka ya sitini kuelekea mwishoni. Boma letu lilikuwa nje kidogo ya Homa Bay, upande wa juu, ambapo ziwa linaonekana hata ukiwa umeinama unapepeta mtama. Lakini siwezi kufika kwenye sanduku la kaka kabla sijaeleza gramafoni ya baba, maana ugomvi wote ulianzia pale.

Gramafoni ya baba ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Jumapili alasiri majirani walikuja na vigoda vyao, baba akaweka santuri, na muziki ukaanza kulia kwa sauti ya puani. Sasa, kwetu wimbo haupiti hivi hivi. Ukifika mahali panapomgusa mtu, mtu huyo huinua mkono, mpigaji hunyamaza, na aliyeinua mkono husimama kujisifu: yeye ni nani, ametoka wapi, marafiki zake ni watu wa namna gani, mke wake ana mwendo gani. Akimaliza hutupa kitu kidogo miguuni mwa mpigaji, wimbo unaendelea. Tunaita pakruok. Bila pakruok, wazee walisema, muziki ni kelele tu.

Mpigaji wa nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, ana macho, anaona mkono umeinuka, ananyamazisha nyuzi zake. Gramafoni haina macho. Unadhani wazee wangu walishindwa? Thubutu! Baba aliketi kando ya gramafoni kama askari, na mtu akiinua mkono, aliinyakua sindano kutoka kwenye santuri. Mtu akajisifu weee mpaka akatosheka, kisha baba akairudisha sindano popote ilipoangukia. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Basi santuri zetu zote zilikuwa na vidonda. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kumsifu mke mrembo ambao uliruka mara tatu, kwa sababu tulikuwa na majirani watatu wenye wake warembo. Mimi niliujua wimbo huo pamoja na kuruka kwake. Nilipokuja kuusikia mzima, miaka baadaye, nilidhani ule mzima ndio mbovu. Kaka alikuwa tofauti. Tangu utotoni sindano ikiruka alikunja uso, na mara moja nilimwona akitoka nje kabisa kwenda kusimama na ng'ombe.

Alipokuwa mtu mzima alipata kazi Migori, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza na kutengeneza redio. Hapo ndipo alipoharibikiwa, kama alivyosema baba. Siku moja mteja alileta mashine ya muziki ya kisasa irekebishwe, na kaka akaijaribu. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na macho ya mtu aliyeokoka.

"Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi," aliniambia. "Kabla hajaimba. Pumzi, dada yangu! Miaka yote hii walikuwa wakivuta pumzi na sisi hatukujua."

Nikamwambia kila mtu huvuta pumzi, hata mbuzi. Hakunisikia. Alianza kukusanya vitu kidogo kidogo, waya huku, spika kule, akamwomba fundi seremala wa Migori amtengenezee sanduku la mti wa mvule lenye urefu wa kumfikia kifuani. Alilileta Homa Bay juu ya basi. Si ndani, juu kabisa, na yeye mwenyewe akapanda huko akalikumbatia njia nzima, vumbi lote la barabara ile likamwishia kichwani. Stima haikuwa imefika kwetu, kwa hiyo lilitumia betri ya gari, ambayo ilipelekwa kuchajiwa kwenye kinu cha kusagia unga. Kwenye mashine yenyewe kulikuwa na maandishi ya Kizungu, High Fidelity, na mama akauliza yanasemaje.

"Yanasema ni mwaminifu sana," kaka akajibu.

"Kwa nani?" mama akauliza.

Kaka alikuwa na sheria zake. Sindano haiguswi na mtu yeyote isipokuwa yeye, kwa maana ni nyembamba na rekodi hizi mpya ni laini, ukiinyakua inakata. Msikilizaji anaketi kwenye kiti kilichowekwa hapa, si pale. Na hakuna kusema neno mpaka wimbo uishe.

Baba alisikiliza sheria zote mpaka mwisho. "Sasa, utamu ukinishika katikati," akauliza, "niufanye nini?"

"Umeze, baba."

"Niumeze?"

"Ndiyo, baba. Uumeze."

Baba akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akachukua kofia yake, akaenda kwa jirani. Kuanzia hapo hakuketi kwenye kiti kile. Lakini nisiwe mchoyo wa haki: sanduku lile lilikuwa zuri. Mama, ambaye aliita muziki wote wa gitaa mambo ya dunia, alipigiwa rekodi ya kwaya ya nyimbo za ibada. Akaketi wima, mikono mapajani. Wimbo ulipoisha akasema, "Kuna dada mmoja pale safu ya nyuma ana mafua. Maskini, na bado amekuja kuimba." Kaka karibu apige magoti. Alirudia wimbo mara kadhaa na kweli, mafua yalikuwepo. Mama akamwombea yule dada wiki nzima.

Mpango wa kaka ulikuwa mkubwa kuliko sisi. Alitaka kukodi chumba Migori mjini, aliweke sanduku humo, apange viti, na vijana waje kusikiliza muziki kama watu wanavyokwenda sinema. Wazee wamezoea vibaya, alisema, wanapenda kusikia sauti zao wenyewe. Tumaini ni vijana. Vijana wa nchi hii mpya watajifunza kuketi na kusikiliza.

Akawaita vijana wa Homa Bay waje wajaribu. Walikuja, tena wengi. Wa kwanza aliuliza sanduku linabebwaje, mpini wake uko wapi. Wa pili alikuja na redio ndogo ya transista shingoni, inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na hakuona sababu ya kuizima. Wengine walivumilia kiti kwa muda, kisha miguu ikawashinda wakaanza kucheza, sakafu ikatikisika, sindano ikaruka, na kaka akawafukuza wote. Walicheka mpaka barabarani. Yule wa transista alitangulia, wenzake wakamfuata wakicheza nyuma yake, na kwa kweli walikuwa na raha kuliko sisi tuliobaki na viti.

"Hawana masikio," kaka akasema. Alikuwa na huzuni ya kweli. Nilitaka kumcheka nikashindwa.

Ila mmoja hakuondoka. Alikuwa rafiki yangu wa Rodi, aliyekuwa amekuja kunitembelea, na alikuwa amekaa kwenye kile kiti wakati wote wa fujo. Kaka akamwekea wimbo mmoja wa gitaa mbili na chupa ya soda inayogongwa kwa msumari, wimbo uliokuwa ukivuma mwaka huo. Msichana akausikiliza hadi mwisho bila kutikisa hata kidole. Kisha akasema, taratibu, "Huyu wa chupa anachoka kabla ya wenzake. Hapo karibu na mwisho anagonga huku anataka kwenda nyumbani."

Kaka akawa amekwisha. Nilimwona kwa macho yangu akiisha.

Wakapendana, na sitayasimulia hayo, ni yao. Nitasema tu kwamba mimi nilifurahi kupita kiasi, maana nani hapendi rafiki yake awe wifi yake? Kilichobaki kilikuwa ukoo wake. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, naye akalelewa na baba mkubwa, kaka wa marehemu. Huyo mzee ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Alikuwa mtu mnene wa sauti nene, na sokoni Rodi walisema hakuna mpigaji muziki aliyewahi kumaliza wimbo mbele yake. Tena kulikuwa na karani mmoja wa Kisumu, mwenye viatu vya kung'aa, ambaye naye alikuwa ametuma watu wake kumwomba msichana yuleyule. Kwa hiyo mzee alipotuma habari kwamba Jumapili atakuja kwetu na ndugu zake kuangalia ng'ombe wa mahari, tulijua kila kitu kiko kwenye siku hiyo moja.

Tukajiandaa. Mama alichinja jogoo wawili. Baba alimwagiza rafiki yake mvuvi, akatuletea ngege, samaki wakubwa, kutoka kisiwa cha Mfangano. Ng'ombe walioshwa, jamani, ng'ombe walioshwa! Na kaka alilisugua sanduku lake kwa mafuta mpaka ukaweza kujiona uso.

Wageni walipofika, mzee alipewa kile kiti. Salamu zikapita vizuri, mzee akacheka mara mbili, baba akaanza kupumua. Kaka akasema angependa kuwasikilizisha wimbo mmoja kabla ya chakula. Akachagua ule wa gitaa mbili na chupa. Akaweka sindano kwa ncha za vidole, akarudi nyuma, akafumba macho.

Ulifika katikati, pale gitaa ya pili inapoingia chini ya ya kwanza. Mzee akainua mkono. "Simamisha hapo," akasema. Tulimsikia wote. Alikuwa ameshaanza kuinuka kitini.

Kaka, macho yamefumbwa, akaweka kidole mdomoni. "Sssss."

Mzee hakuamini. "Kijana, simamisha."

"Ngoja kidogo, mzee, ngoja," kaka akasema kwa upole kabisa, kama unavyombembeleza mtoto anayetaka kushuka mgongoni. "Kuna mahali pazuri panakuja."

Mungu wangu. Nilitamani birika nililolishika linimeze. Mzee akarudi kitini polepole. Baba alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Wimbo ukaendelea mpaka ukaisha wenyewe, na ulikuwa mrefu, sijawahi kusikia wimbo mrefu vile. Ndipo kaka akafumbua macho, uso umejaa tabasamu, akimgeukia mzee kusubiri ashangazwe na ile pumzi na ile chupa.

"Asante," mzee akasema. "Nimesikia."

Akavaa kofia, ndugu zake wakasimama pamoja naye. Hawakunawa mikono. Mtu akiondoka nyumbani kwa wakwe bila kuonja kuku, kwetu hakuna haja ya kueleza zaidi. Walipita kando ya zizi bila kuwatazama ng'ombe wale waliooshwa, wakatoka langoni.

Sitaki kusema yote baba aliyoyasema. "Umemziba mdomo mtu aliyekuja kukupa mtoto!" ndilo ninalolikumbuka, kwa sababu alilirudia. Mama alikuwa jikoni analia juu ya sufuria. Kaka alisimama katikati ya sebule, mikono inaning'inia.

"Nilitaka asikie," akasema. "Baba, hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Nilikuwa nampa."

Nilikuwa na hasira ya kumpiga makofi. Na nilimhurumia, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakumdharau mzee hata kidogo. Alimfungulia mzee mlango wa chumba chake cha ndani kabisa, ila alisahau kwamba mgeni naye amekuja na mzigo wake.

Siku ya soko nilikwenda Rodi kumtafuta rafiki yangu. Nilimkuta nyuma ya vibanda vya nafaka, amevimba macho. Nilianza kumtetea kaka, akanikatiza.

"Kaka yako anaijua sauti ya chupa," akasema. "Sauti ya mtu haijui."

"Usiseme hivyo, wifi."

"Usiniite wifi bado. Tangu Jumapili baba mkubwa hajajisifu mahali popote. Juzi mpiga nyatiti alipita hapa sokoni, watu wakamgeukia, na yeye akaangalia pembeni. Unajua maana yake? Hajawahi, tangu nimjue."

Nikamuuliza tufanye nini. Akafuta uso kwa kitambaa cha kichwa. Mzee amekubali kurudi, akasema, kwa sababu yeye amemlilia. Atarudi mara moja tu, na anataka wimbo uleule, upigwe palepale, na akiinua mkono usimame. Usiposimama, jibu litakwenda Kisumu. "Nami nitakwenda linakokwenda," akasema. "Nampenda kaka yako, nakuambia bila kuficha. Lakini siwezi kuolewa kwa kumkanyaga aliyenilea."

Nikapanda basi kwenda Migori siku iliyofuata. Nilimkuta kaka dukani, ameinama juu ya redio iliyofunguliwa tumbo. Nikampa ujumbe kama nilivyopewa. Akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Nikiinua sindano kwa ghafla katikati, rekodi itakatika pale," akasema. "Itaruka pale milele."

"Na iruke."

"Wewe huelewi. Wazee hawatasikiliza kamwe, na vijana..." Akanionyesha mlangoni. Nje, kwenye baraza, vijana walikuwa wamezunguka transista moja, mmoja ameibandika sikioni, wengine wanagombania zamu. "Waangalie. Kesho watakuwa na redio ndogo kuliko hiyo, na kesho kutwa ndogo zaidi. Nani ataketi? Kama mimi nami nikianza kuinyakua sindano, nani atabaki duniani anayesikiliza wimbo mzima?"

Hapo niliwaka. "Basi oa sanduku!" nikamwambia, mbele ya Mhindi na wateja wake. "Liwe ndilo linalokupikia, liwe ndilo linalokuzika!" Nikatoka nikaenda kusubiri basi juani. Hakunifuata.

Swali lake, hata hivyo, limeishi nami kuliko hasira yangu. Wajukuu wangu leo wana vidude vya masikioni vidogo kama punje za mahindi. Mmoja alinichomekea vyake nikasikia pumzi ya mwimbaji, wazi kabisa, na nusura nilie. Kaka angewapenda! Wanaketi, wananyamaza, wanasikiliza wimbo mzima, kila kitu alichokitaka. Ila kila mtu na wimbo wake, na ukiinua mkono hakuna anayekuona. Huwa nawaonea wivu asubuhi na kuwahurumia jioni, na bado sijui nani alikuwa na haki zaidi, baba au kaka.

Jumapili ya pili mzee alikuja na ndugu mmoja tu. Mama alipika tena, lakini bila maneno. Kaka alikuwa amewasili asubuhi na hakumwambia yeyote atafanya nini, hata mimi, na sikumuuliza kwa sababu bado tulikuwa hatusemezani. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kanisani. Mzee akaketi kwenye kile kiti bila kungoja kuonyeshwa.

Kaka akaweka rekodi. Safari hii hakufumba macho. Alisimama karibu na mashine, anamtazama mzee mkononi. Gitaa ya kwanza ikaenda peke yake. Baba akaacha kutafuna kijiti chake. Gitaa ya pili ikaingia chini, na mkono wa mzee ukainuka.

Kaka akainyanyua sindano. Kwa haraka, kwa woga, kwa hiyo ilikwaruza. Sanduku lile lilikuwa safi hata mkwaruzo wenyewe tuliusikia kwa ukamilifu wake, ukapita masikioni mwetu mpaka kwenye meno. Nilimwona kaka akiuma mdomo.

Mzee akasimama. Tulingoja majigambo, wote tulikuwa tumesikia habari zake: ng'ombe wake, safari zake, marafiki zake wakubwa. Akashika mgongo wa kiti.

"Mimi," akasema, "ni baba wa binti ambaye sikumzaa. Ndugu yangu aliniachia hajaota meno."

Sauti ile nene ilikuwa chini kabisa.

"Mimi ndiye niliyembeba mabegani mvua zikifunga njia, ili asikose shule, na akisoma kitabu chake huko juu nasikia herufi zikipita kichwani mwangu, mimi nisiyejua hata moja. Mimi niliyeuza baiskeli, ndiyo maana mnaniona natembea kwa miguu na mwili huu wote. Chekeni, nimezoea." Hakuna aliyecheka. "Mimi ndiye nikikohoa chumbani kwangu, yeye akiwa jikoni anajua ni kikohozi cha baridi au ni cha kumkumbuka ndugu yangu. Kikiwa cha baridi analeta dawa. Kikiwa kile kingine anakuja kuketi tu. Hajawahi kukosea. Mke wangu mwenyewe hajui, watoto niliowazaa hawajui. Yeye peke yake ndiye anayenisikia."

Akamgeukia kaka.

"Hiki ndicho nilichokuwa nimekuja nacho Jumapili ile. Nilikitunga njia nzima kutoka Rodi. Sasa mnaniita nichague ng'ombe. Nitachagua. Lakini nikirudi nyumbani usiku nikikohoa, ni ng'ombe gani atakayekuja kuketi?"

Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Baba alikuwa analia waziwazi na hakujificha. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akaitupa kwenye sakafu mbele ya sanduku kama inavyotakiwa. "Haya," akasema. "Rudisha wimbo."

Kaka alikuwa bado ameshikilia mkono wa sindano hewani. Rekodi ilikuwa inazunguka chini yake bila sauti. Akautazama, akamtazama mzee, kisha akauweka mkono ule pembeni kwenye kishikizo chake, na akaketi chini sakafuni, mbele ya kiti.

"Bado, Baba," akasema. "Endelea."

Mzee akashika tena mgongo wa kiti. Akakohoa, akaendelea.